Kupandisha Nyusi kwa Upasuaji: Mambo Yampasayo Mtu Kuyajua



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba nieleze habari za upasuaji wa kupandisha nyusi. Ombi hili limetoka pande mbili. Wanafunzi wanaona katika simu picha za watu mashuhuri, uso wa jana na uso wa leo, nao wanauliza kama mambo hayo ni ya kweli. Wanafunzi wa zamani, ambao wengi wetu tumekwisha kupita miaka 50, hawaulizi hadharani; huniita pembeni baada ya mkutano wa chama chetu, wakaniuliza kwa sauti ya chini. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimesimama kando ya meza ya wapasuaji kwa miaka mingi hapa Uganda, nami nitasema niliyofundishwa na niliyoyaona. Sina nia ya kumshawishi mtu apasuliwe, wala ya kumkataza. Nataka tu mtu asiingie mlango ule bila kujua yaliyomo ndani.

Kazi ya nyusi

Simama mbele ya kioo, upandishe nyusi zako. Utaona mikunjo imelala katika paji la uso. Mikunjo ile huletwa na msuli mmoja mpana uliotandazwa chini ya ngozi ya paji kama kitambaa. Msuli huu haukushikamana na mfupa. Umeshikamana na ngozi ya nyusi, na ndio peke yake unaozivuta nyusi juu. Misuli inayozivuta chini ni mingi: upo ule unaolizunguka jicho, na ipo ile midogo iliyo katikati ya nyusi, tunayoitumia tukikunja uso. Basi maisha yote nyusi zetu ziko katika mvutano, mmoja akivuta juu na wengi wakivuta chini.

Miaka ikipita, ngozi hulegea, na jua kali huizidishia ulegevu. Tena ule msuli wa paji haufiki vizuri hata mwisho wa unyusi upande wa sikio, kwa hiyo aghalabu ni pembe ya nje inayoshuka kwanza. Kwa kawaida nyusi za mwanamume hulala penye ukingo wa mfupa wa jicho, na za mwanamke hukaa juu yake kidogo. Zikishuka chini ya hapo, mtu huonekana amechoka au amekasirika, hali moyoni mwake ana furaha. Kwa wengine ngozi huilalia kope hata wakawa wanaona kama mtu aliyevaa kofia iliyomshukia machoni. Mtu wa namna hiyo hukaza paji lake kutwa nzima bila kujijua ili apate kuona, na jioni paji linamuuma.

Kilichoshuka ni nini?

Ningependa kila msomaji akumbuke neno hili hata kama atasahau mengine yote: kabla ya kuuliza bei, uliza kilichoshuka ni nini. Yapo mambo matatu yanayofanana kwa sura, lakini dawa zake ni mbalimbali.

La kwanza ni unyusi wenyewe kushuka. La pili ni kope kushuka, yaani ile ngozi inayofunika jicho, ama kwa kuwa imezidi ama kwa kuwa msuli wake mdogo wa kuinua umelegea. La tatu ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu au wa misuli.

Waweza kujipima kidogo mbele ya kioo. Funga macho, legeza paji, kisha yafumbue polepole bila kukaza paji. Halafu weka kidole juu ya unyusi, uuinue taratibu mpaka mahali pake. Kama uzito ule umeondoka na jicho limefunguka, huenda mzigo ni wa unyusi. Kama unyusi umeinuliwa na bado ukingo wa kope umeifunika mboni, basi shida iko katika kope. Jaribio hili halimwondoi daktari, lakini litakusaidia kumweleza vizuri.

Umuhimu wake ni huu. Mtu akikatwa ngozi ya kope, na kumbe kilichoshuka ni unyusi, unyusi waweza kuvutwa chini zaidi. Na ngozi ya kope ikikatwa mno, jicho halifungi sawasawa, likakauka na kuumia. Kukosea hapo mwanzo hakurekebishwi kwa urahisi.

Juu ya jambo la tatu nataka kusema kwa nguvu. Unyusi au uso unaoshuka kwa ghafula si uzee, wala si jambo la urembo. Ni la kwenda hospitali siku ile ile. Kama upande mmoja wote wa uso umelegea pamoja na paji, na jicho halifungi, huenda ni mshipa wa uso uliopooza, ugonjwa uliopewa jina la daktari Charles Bell wa Scotland. Wengi hupona, na dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa katika siku 3 za kwanza. Kama mdomo umekwenda upande lakini paji bado linakunjika, na mkono umekuwa dhaifu au maneno hayatoki vizuri, yafaa kuhofia kiharusi, na hapo kila saa ina thamani. Kope ikishuka ghafula pamoja na maumivu makali ya kichwa au kuona vitu viwiliviwili, hiyo nayo ni hatari kubwa. Na kope inayokuwa nzuri asubuhi ikashuka kila jioni yaweza kuwa dalili ya miasthenia, ugonjwa unaochosha misuli. Hakuna hata moja katika haya linaloanza kutibiwa kwa kisu cha urembo.

Njia za kupasua

Daktari Mfaransa, Raymond Passot, alieleza njia ya kupandisha nyusi mwaka 1919, kwa kukata vipande vyembamba vya ngozi na kushona. Tangu hapo njia zimeongezeka, na siku hizi zinazotumika sana ni hizi.

Njia ya zamani kidogo ni mkato mmoja mrefu unaopita juu ya kichwa ndani ya nywele, kutoka karibu na sikio moja hata la pili. Ngozi ya paji huinuliwa, misuli inayokunja uso hulegezwa, kisha ngozi huvutwa nyuma, iliyozidi ikakatwa. Nguvu yake ni nyingi, lakini kovu ni refu, ganzi ya kichwa ni kubwa, na mwanzo wa nywele hupanda juu. Mwenye paji refu au upara haimfai.

Njia ya pili, iliyoenea tangu mwanzo wa miaka ya 1990, hutumia endoskopi, yaani kimrija chenye taa na kamera. Daktari hukata matundu 3 mpaka 5, kila moja kama sentimita 2 au pungufu, nyuma ya mwanzo wa nywele. Kwa matundu hayo huachanisha ngozi na mfupa huku akitazama katika kioo cha televisheni, halafu huipandisha na kuishikiza kwa nyuzi au kwa vidude vidogo vinavyofungwa katika mfupa. Makovu ni madogo, lakini unyusi mzito sana pengine hauitikii vya kutosha.

Njia ya tatu ni mkato mfupi penye panja, unaoinua pembe ya nje tu. Ya nne ni mkato juu ya unyusi wenyewe, ambapo kipande cha ngozi huondolewa na jeraha kushonwa. Hii ndiyo rahisi, hupandisha kwa kadiri iliyopimwa, na mara nyingi yafanyika kwa dawa ya ganzi bila usingizi. Ubaya wake ni kovu linaloonekana. Kwa sababu hiyo hupewa zaidi wazee, na watu ambao upande mmoja wa uso umepooza.

Ndugu mmoja tuliyesoma naye, mwalimu aliyestaafu, alifanyiwa njia hii ya nne. Katika miaka yake ya mwisho darasani alikuwa hawezi kuona sehemu ya juu ya ubao mpaka ainue kidevu, na wajukuu wake walidhani daima amewakasirikia. Alikawia miaka miwili kuja hospitali, kwa kuwa wenzake walimcheka wakisema mzee anatafuta ujana. Alipopimwa upana wa kuona kwake ilionekana kwamba sehemu ya juu ilikuwa imefungwa kweli. Leo anaona. Ana mstari mwembamba juu ya kila unyusi, na ukimtazama sana utagundua kwamba wa kushoto umepita wa kulia kidogo. Aliambiwa mapema kwamba huenda ikawa hivyo, naye akakubali. Neno lake kwangu lilikuwa kwamba anajutia miaka ile miwili, wala si kovu.

Kabla ya siku yenyewe

Daktari mzuri hukuuliza maswali mengi kabla ya kukujibu lako. Mweleze magonjwa yako yote, hasa shinikizo la damu na kisukari, na dawa zote unazokunywa, pamoja na aspirini na za miti shamba, kwa maana baadhi yake huzuia damu kuganda. Usiziache dawa za moyo kwa shauri lako mwenyewe. Yeye ndiye wa kusema. Mvuta sigara hana budi kuacha wiki kadhaa kabla na baada, kwa kuwa moshi huinyima ngozi damu na kidonda kikachelewa kupona.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo letu la kuongeza. Makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha, yaitwayo keloidi, hutokea zaidi kwetu kuliko kwa wenye ngozi nyeupe. Kama ulitoboa sikio ukaota uvimbe, au una kovu la kifuani lililokua, au ndugu zako wa damu wanayo, mwonyeshe daktari kabla hajachukua kisu. Pengine atakushauri uache kabisa.

Uliza pia maswali yako bila kuona haya. Je, wewe ni mpasuaji uliyesomea kurekebisha uso, au macho? Umefanya mara ngapi kazi hii? Nani atanipa dawa ya usingizi? Nikipata shida usiku nitampigia nani? Anayechukizwa na maswali hayo si wa kumkabidhi uso wako.

Siku ya upasuaji na siku zifuatazo

Utaambiwa usile kwa saa 6, na usinywe hata maji kwa saa 2 kabla. Uoshe nywele, usijipake mafuta wala rangi usoni. Daktari atakuchora mistari ukiwa umekaa wima, maana ukilala nyusi hubadili mahali pake. Kazi yenyewe huchukua kama saa 1 au 2, kwa nusu kaputi, au kwa ganzi na dawa ya kutuliza. Mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku ile ile, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Jioni ya kwanza kichwa hukaza kama kilichofungwa kamba. Maumivu kwa kawaida si makali, na vidonge huyatuliza. Siku ya pili na ya tatu ndizo zinazowatisha watu, kwa sababu uvimbe wa paji hushuka mpaka kwenye kope, na damu iliyovilia huyafanya macho yawe kama ya mwanamasumbwi aliyeshindwa. Jambo hili ni la kawaida. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili, tumia kitambaa cha baridi kama ulivyoelekezwa, wala usiiname kuokota vitu.

Nyuzi au pini hutolewa karibu na siku ya 7 mpaka ya 10. Wengi hurudi kwenye kazi nyepesi baada ya siku 10 hata 14. Jembe, mpira na mizigo mizito hungoja mpaka daktari aseme, na yaweza kupita mwezi. Ganzi ya paji na ya kichwa huendelea majuma au miezi, kisha hufuatwa na mwasho wakati mishipa inapoamka. Mara ya kwanza nyusi huonekana zimepanda kupita kiasi, halafu hushuka kidogo. Usiuhukumu uso wako kabla ya miezi 6, na kovu hupewa hata mwaka mzima.

Hatari zake

Kila mkato una hatari yake. Damu yaweza kukusanyika chini ya ngozi. Kidonda chaweza kuoza. Nywele zaweza kupukutika penye kovu. Ukipitisha kidole katika ukingo wa mfupa juu ya jicho utagusa kidimbwi kidogo upande wa pua. Hapo ndipo unapotokea mshipa wa fahamu unaolipa paji hisia, nao ukikatwa, ganzi yaweza kudumu. Mwingine unapita penye panja, nao ndio unaouamuru msuli wa paji. Ukiumizwa, unyusi ule hautapanda tena, kwa muda au siku zote, na mtu aliyekuja ili ainuliwe akarudi ameshushwa. Jambo hilo si la mara nyingi, lakini sharti ulijue kabla hujatia sahihi. Kadhalika nyusi zaweza kutokulingana, au kupandishwa mno hata mtu akaonekana ameshtuka daima.

Uvimbe ukikua haraka upande mmoja kwa maumivu makali, au macho yakififia, au homa ikapanda, au damu isikome, usingoje asubuhi.

Tena upasuaji hausimamishi miaka. Kazi njema hudumu miaka kadhaa, lakini ngozi huendelea kuzeeka na mvutano ule wa misuli haukomi.

Zipo pia sindano za botulini, ambazo wengi huziita Botox. Marekani iliziruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Huilegeza misuli inayovuta chini, nyusi zikapanda kidogo kwa miezi 3 au 4. Zikiwa mkononi mwa daktari ni njia ya wastani. Lakini kujichoma dawa zisizojulikana katika nyumba za kutengenezea nywele ni hatari kubwa. Sindano ya kujaza ngozi ikiingia katika mshipa wa damu kati ya nyusi yaweza kuziba njia ya damu ya jicho, na mtu akapofuka saa ile ile.

Je, ni anasa tu?

Wengine watasema kwamba hizi ni fedha za kutupa. Nami nasema upasuaji wa urembo na ule wa kurekebisha maumbile ni matawi ya mti mmoja. Mwaka 1957 wapasuaji watatu walianzisha kazi ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, ambayo leo twaijua kwa jina la Amref: Michael Wood aliyefanya kazi Nairobi, Archibald McIndoe mzaliwa wa New Zealand, na Thomas Rees wa Marekani. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. McIndoe alipata sifa kwa kuwatengeneza nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Rees alijulikana sana New York kwa upasuaji wa urembo. Mkono uliojifunza kupandisha nyusi za tajiri ulijua pia kushona mdomo wa mtoto aliyezaliwa umepasuka.

Kwa hiyo sitawacheka wanaotaka kupasuliwa. Anayezuiwa kuona aende bila haya, kwa maana ule ni ugonjwa kama mtoto wa jicho. Anayetaka kwa ajili ya sura, naye ni mtu mzima mwenye fedha zake, ni haki yake, mradi ajue gharama, makovu na hatari, na asitarajie kwamba nyusi zitamletea kazi, mchumba au heshima. Ila ninyi mlio madarasani nawaambieni wazi kwamba nyusi zenu hazijashuka. Nyuso zenu bado zinakua, na picha mnazoziona katika simu nyingi zimetengenezwa kwa mashine, hazikupita hata mlangoni mwa hospitali. Kama mna shauku na kazi hii, someni elimu ya viumbe kwa bidii, mje mtusaidie. Wapasuaji wa namna hii ni wachache sana katika nchi zetu, na watu wanaowangoja ni wengi.